Matibabu ya Anti hayafai kutegemea wafuasi wangu

Niambie ukweli. Kwa simu yako sasa hivi uko na grupu ngapi za WhatsApp za kuchangia bili ya hosi? Mimi nilikuwa nazo 4, na zote nilikuwa nimezizima sauti. Nikiona posta ya mgonjwa na namba ya M-Pesa chini, natuma soo mbili, naandika "apone haraka", naendelea na maisha. Hadi posta ikawa ya Anti.

Anti ni dada mdogo wa mamangu. Anauza nguo za watoto Gikomba, na ndiye alinilipia karo ya kidato cha tatu wakati kwetu kulikuwa kumekauka kabisa. Miguu ilipoanza kumfura alisema ni kusimama sana. Dawa za presha alikuwa ananunua akiwa na pesa, zikiisha anangoja. Siku alianza kutapika na kukosa pumzi ndio tukamkimbiza hosi. Figo zote mbili zimefeli. Dayalisisi mara mbili kwa wiki.

Dirisha la malipo lina swali moja tu: SHA iko?

Alikuwa amejisajili. Hapo ndipo wengi wetu tunachanganyikiwa, hata mimi. Kujisajili ni bure, unapiga *147# unamaliza. Lakini kujisajili sio kulipa. Mtu wa mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi na hata hahisi. Mtu wa kibanda kama Anti anaulizwa maswali, nyumba yako ina paa gani, choo gani, unapikia nini, halafu sistimu inamkadiria. Chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Yeye aliambiwa 720, na alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. 8,640.

Utasema hiyo si pesa nyingi. Kwa mtu ambaye ananunua mali alfajiri ndio auze apate unga wa jioni, hiyo ni mtaji. Akisema "nitalipa mwezi ujao" sio ujinga, ni hesabu. Na ukali wenyewe uko hapa: kikao kimoja cha dayalisisi, SHA inalipa hosi 10,650. Yaani bima yake ya mwaka mzima haifikii hata kikao kimoja. Ni nani alikaa ofisini akaamua mtu anayekula kwa siku alipe kwa mwaka? Sasa kuna Lipa SHA Pole Pole, ya kulipa kidogo kidogo, na ni afadhali. Lakini jameni, hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza.

Tungejikamua tulipe 8,640 usiku huo huo, lakini sistimu ilikuwa chini. Siku 3. Hizo siku 3 ni pesa taslimu, na bila malipo ya kwanza mashine haiwashwi. Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Nilikikariri nikiwa shule. Nilikitaja pale dirishani, karani akaniangalia kwa huruma kabisa, akaniuliza tunalipa na M-Pesa ama kadi.

Mjomba ndiye alisema, "Si wewe una watu huko mtandaoni?"

Basi nikatoa simu. Nilimrekodi Anti mara 4 kwa sababu mwangaza wa wodi ulikuwa mbaya. Uso umefura, mpira shingoni, na mimi namwambia, "Anti, angalia hapa kidogo." Mara ya nne akaniambia polepole, "Si ungengoja hata nivae kitambaa, kijana yangu." Nilisema nitakata hiyo sehemu. Sikuikata. Nilijua ndiyo itatoa watu machozi. Siku mbili, 63,000.

Kwenye benchi la kungojea dayalisisi kulikuwa na mama mwingine, mtoto wake ni wa boda. Posta yao ilikuwa imeleta 1,900. Akaniomba nimpostie na yeye. Nikampostia, lakini nyinyi mlikuwa mmechoka, nilionea kwa namba, na siwalaumu maana hata mimi nilikuwa nazima grupu. Jumanne iliyofuata hakuwa kwenye benchi. Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Sina shida na harambee. Bila hizo soo mbili zenu Anti hangekuwa hai. Shida yangu ni kwamba tofauti ya huyo mama na Anti ilikuwa mimi, kijana wa kuchekesha watu mtandaoni. Hiyo sio mpango wa afya, ni bahati nasibu.

SHA ya Anti sasa inafanya kazi. Vikao viwili vya wiki vinalipwa, nauli na dawa zingine tunajipanga. Kibanda amemwachia binamu yangu. Na wewe usiulize mzazi wako kama amejisajili, muulize kama amelipa, na mwaka wake unaisha lini. Mamangu aliniambia "iko sawa." Haikuwa sawa.

Juzi Anti akaniuliza kama ile video bado iko. Nimeifuta leo asubuhi kabla niandike hii. Wale mmekuwa mkiniuliza imeenda wapi, imeenda hapo. Hakuwa amevaa kitambaa.