Alama ya Kijani si Ushahidi



Tuliombwa hivi karibuni kuidhinisha fedha za kununua programu ya kulinda kompyuta ya ofisi ya parokia hapa Ntalikwa. Fundi aliyeileta kutoka Tabora mjini aliiwasha mbele yetu. Dakika chache baadaye kioo kikaonesha kwamba hatari kadhaa zimegunduliwa. Akabonyeza, na ikatokea alama ya kijani yenye maneno kwamba kompyuta sasa ni salama. Wajumbe wakapiga makofi. Sisi tulibaki na swali moja: tumejuaje?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Ndani ya kompyuta ile mna orodha za ubatizo na ndoa, hesabu za zaka na, lililo zito zaidi, malalamiko yanayofikishwa mbele ya Tume ya Haki na Amani: mjane anayedai shamba la marehemu mumewe, kikongwe aliyeitwa mchawi na anayewataja wanaomtishia. Programu ya upelelezi hujificha ndani ya kompyuta, ikanakili yaliyoandikwa na kumpelekea mtu mwingine bila mwenye kompyuta kujua. Jina la kikongwe yule likifika kusikotakiwa, maisha yake yamo hatarini, na waliomtia hatarini ni sisi. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu au kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Hatuoni kwamba kompyuta imesamehewa kanuni hiyo.

Basi tuutazame ushahidi. Machi 2019, huko Marekani, kampuni ya maduka ya vifaa vya ofisi iitwayo Office Depot, pamoja na mshirika wake Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Shirikisho. Mteja aliyeleta kompyuta ikaguliwe aliulizwa kwanza maswali manne: je, inakwenda polepole? Je, inazimika mara kwa mara? Na mengine ya namna hiyo. Akikubali hata moja, programu ilitangaza kwamba imeona dalili za virusi, hata kama ukaguzi wenyewe haukuona kitu. Jibu lilitokana na swali. Kisha mteja aliuziwa matengenezo yaliyoweza kufikia mamia ya dola. Tunakiri kwamba tuliposoma habari hiyo tulikumbuka makofi ya wajumbe wetu.

Hao walidanganya kuhusu mwizi. Wapo walinzi waliouza mali yenyewe. Sisi wa Unyanyembe, watu wa njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, twajua kwamba mwenye mizigo alikodi askari wa bunduki, na kwamba askari wale wale waliweza kutoroka na mizigo usiku. Avast ni programu ya ulinzi yenye asili ya nchi ya Cheki, nayo imetumiwa na mamilioni ya watu, wengi wao bila malipo. Iliahidi kuwazuia wanaofuatilia nyendo za watu katika intaneti. Februari 2024 Tume ile ile ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, kwa kuwa kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa imewauzia wateja zaidi ya 100 kumbukumbu za kurasa walizotembelea watumiaji wake. Biashara hiyo ilifungwa mwaka 2020. Kwa hiyo, apewapo mtu mlinzi wa bure, hana budi kuuliza mlinzi huyo anakula wapi.

Hatusemi kwamba programu zote ni ulaghai. Huko kungekuwa kuwaonea walio wakweli. Zipo maabara zisizouza programu hizo ambazo huzipima: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Hukusanya programu hatari zilizo halisi, zikaona ngapi zimenaswa, na pia mara ngapi mlinzi amepiga kelele bila mwizi kuwepo. Matokeo huchapishwa, na kila mtu aweza kuyasoma. Lipo pia faili dogo lisilo na madhara, liitwalo EICAR, la herufi na alama 68 tu, ambalo programu za ulinzi zimekubaliana kulitambua. Faili hilo hukuonesha kama mlinzi yu macho. Kama atamkamata mwizi mgeni, halikuambii.

Hata mlinzi mwaminifu ana mipaka yake. Mwaka 2025 nchini Kenya, watengenezaji filamu waliokamatwa mwezi Mei walirudishiwa vifaa vyao Julai. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuta vimewekwa FlexiSPY, programu ya upelelezi inayouzwa hadharani, wakati vikiwa mikononi mwa polisi. Mwenye kushika kifaa chako kwa siku kadhaa hahitaji kuvunja mlango. Ofisini kwetu neno la siri limebandikwa ukutani, na kila kijana mwenye flashi ya nyimbo za kwaya huichomeka atakavyo.

Jambo jingine twalitaja kwa ufupi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo, na kompyuta yetu inatumia hiyo. Kununua mlinzi wa ziada huku ukuta una ufa ni kutumia vibaya sadaka za waamini.

Fundi tumemwomba asubiri fedha zake hadi atuletee matokeo ya maabara mojawapo kuhusu programu anayoiuza, yenye tarehe ya mwaka huu. Malalamiko ya Tume tumeyaondoa katika kompyuta. Yako kwenye karatasi, ndani ya kabati la chuma. Mahali pa majina pameandikwa namba, na daftari la kufumbua namba hizo halikai katika nyumba hiyo.