Kopo la grisi na dhana mbaya

Wiki hii nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa ukurasa wa familia, nalo ni mafuta ya cheni ya pikipiki. Nakuomba univumilie, kwani ndani yake mna riziki ya vijana wetu, mna usalama wa mama na mabinti zetu wanaopakiwa kila siku, na kwa upande wangu mna kosa nililomfanyia mtoto wa dada yangu.

Mwaka juzi nilinunua pikipiki nikamkabidhi mpwa wangu hapa Tabora kwa mkataba uliozoeleka: aniletee hesabu kila juma, na muda ukitimia chombo kiwe chake. Siku ya kumkabidhi nilimpa pia kopo la grisi, nikamwambia kwa sauti ya mtu ajuaye, "Usiache cheni ikakauka. Paka hii kwa wingi." Kijana akaitikia, "Sawa, mjomba," akatenda kama alivyoambiwa.

Haikupita miezi mitano akaja kuniarifu kwamba cheni na sproketi zake zimekwisha. Sikumsadiki. Nilijisemea kwamba anapakia watu watatu, anabeba magunia ya mkaa, au pengine ameiuza cheni ya awali akafunga kuukuu. Hilo la mwisho nililitamka, tena mbele ya mama yake. Kijana aliinamisha kichwa asinijibu. Dada yangu naye hakusema neno, lakini chai aliyonimiminia ilipoa mezani bila mtu kunihimiza ninywe.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa fundi, mzee aliyeanza kazi hiyo kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaenea. Alipitisha kidole juu ya cheni, akanipa ile grisi nyeusi niisugue baina ya vidole vyangu. Ilikuwa inakwaruza. "Nani aliyemshauri kijana grisi katika mchanga huu?" aliuliza. "Hii si grisi tena, bwana. Huu ni msasa." Sikuwa na la kumjibu.

Aliyonieleza mzee yule ndiyo ninayokuletea leo. Cheni tunayoitumia ni ya namna aliyoibuni Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila pingili yake ina pini, pini imezungukwa na bushi, na bushi imevikwa rola inayokaa kwenye meno ya sproketi. Mahali panapolika zaidi ni baina ya pini na bushi, ndani kabisa, pasipoonekana. Tunaposema kwamba cheni imevutika, kwa hakika chuma hakikuvutika. Pini na bushi zimelika kidogo kidogo, na upungufu wa kila pingili ukijumlishwa, cheni nzima inarefuka, haikai tena sawasawa juu ya meno, nayo meno yanachongoka kama ya msumeno.

Kwa hiyo mafuta yanayofaa ni yale yanayoweza kupenya hadi kwenye pini. Grisi ni nzito na haipenyi. Inabaki nje iking'aa na kumfurahisha mwenye chombo, huku ikikusanya kila punje ya vumbi ipitayo. Na nchi yetu ya Unyanyembe ni nchi ya mchanga. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hakuna, na njia za kwenda Kwihara na vijiji vya Uyui zinatimka vumbi tangu asubuhi.

Njia hizi si ngeni kwa mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, enzi mji ukiitwa Kazeh, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kichwani na begani mizigo ya kama frasila mbili, karibu kilo 30 kila mtu. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara akisubiri wapagazi, kwa kuwa bila wao safari haikuwezekana. Leo kazi ya kuvusha watu na mizigo katika mchanga huo huo wameirithi vijana wa bodaboda, na mzigo wote unavutwa na cheni moja.

Basi tuzitazame njia zilizopo. Grisi tumekwisha kuisema. Ya pili ni oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo vijana wengi huitumia kwa sababu haiuzwi. Ni nyepesi, kwa hiyo inapenya, na ni afadhali kuliko cheni kavu. Lakini imebeba masizi na chembe za chuma kutoka ndani ya injini, nazo zinakwenda kukwaruza zile zile pini tunazotaka kuzihifadhi. Aidha, kuigusa kila siku kwa miaka mingi si salama kwa ngozi, na inahofiwa kuleta saratani. Kijana anayejipaka oili chafu hadi viwikoni anajiwekea deni la baadaye.

Ya tatu ni mafuta ya jikoni, ya alizeti au ya mawese. Haya yakikaa hugeuka utomvu na kunasa uchafu. Yaacheni kwenye sufuria. Wapo pia wanaouliza kuhusu nta, kwa kuwa Tabora ni nchi ya nyuki. Nta inakauka vizuri na haishiki vumbi, lakini ikishasukumwa nje ya pini hairudi yenyewe, na kuipaka upya kunataka cheni ifunguliwe na kutumbukizwa katika nta iliyoyeyushwa motoni. Moto na pikipiki yenye petroli si majirani wema.

Ya nne ni dawa ya kopo ya kupuliza. Hiyo ni nzuri: huingia ikiwa nyepesi, kisha hushikamana, wala hairuki ovyo. Kasoro yake ni bei, tena huko vijijini haipatikani. Ya tano, ambayo fundi aliipendelea nami nimeifuata, ni oili safi ya gia. Vitabu vya watengenezaji wengi wa pikipiki hutaja oili ya gia ya namba 80 hadi 90. Inapenya, inapatikana madukani, na chupa moja ya lita hutumika muda mrefu, kwa sababu kinachohitajika ni matone. Ina kasoro ya kurukaruka ikizidi, hivyo itumike kidogo na mara kwa mara.

Namna ya kuitumia ni hii. Pakeni jioni, baada ya kazi, cheni ikiwa bado na uvuguvugu. Zimeni injini kabisa, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Wengi wamepoteza vidole kwa kushika kitambaa kwenye cheni huku injini ikizunguka, na watoto wasiruhusiwe kusogea. Futeni uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kisha kausheni. Msitumie petroli, hasa kwa cheni zenye vipete vya mpira baina ya pingili, kwani huviharibu. Dondosheni oili upande wa ndani wa cheni ya chini, tone kwa kila pingili, ili mzunguko uisukume kuelekea nje ikipitia kwenye pini. Iacheni ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi futeni iliyobaki nje, maana iliyo nje haina kazi ila kukusanya mchanga na kurukia tairi.

Kilomita 500 ni kipimo kizuri cha kurudia. Kwa bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku, hiyo ni kila baada ya siku tano. Wakati wa mvua, aliyepita kwenye maji afute na kupaka jioni ile ile. Mlegeo wa cheni nao utazamwe: kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama sentimita 2 hadi 3, na kitabu cha chombo ndicho hakimu. Anayetaka kujua kama cheni imekwisha na achukue tepu ya fundi cherehani. Katika cheni ya namba 428, iliyoenea kwenye pikipiki zetu, pingili 20 zikiwa mpya zina urefu wa milimita 254. Zikifika 259, cheni ibadilishwe pamoja na sproketi zake, kwani cheni iliyolika huweza kuruka meno au kukatika, na ikikatika huweza kulizuia gurudumu ghafla chombo kikiwa mbioni.

Yapo mawili yanayotuhusu zaidi sisi wa majumbani. La kwanza ni kifuniko cha cheni. Vijana wengi hukivua ili wapate wepesi wa kupaka, kisha hawakirudishi. Mama aliyepanda na baibui, au binti mwenye khanga inayoning'inia, pindo lake likinaswa na cheni huangushwa chini kabla dereva hajajua. Dada zangu, kusanyeni mapindo kabla ya kuondoka, na pikipiki isiyo na kifuniko iacheni ipite. La pili ni mikono. Grisi iliyoganda kwenye ngozi na kwenye kucha huzuia maji kuifikia, na anayetaka kutawadha analazimika kuiondoa kwanza. Sabuni ya unga na majivu kidogo huitoa, na glavu za mpira huepusha taabu yote.

Nabakisha suala la nani alipe. Katika mikataba mingi, matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya mwenye chombo, lakini cheni haisemwi iko upande upi. Semeni mapema, tena kwa maandishi. Mimi nimeona ni haki mwenye chombo anunue oili, na dereva atoe dakika zake 20 kila juma.

Nilipotoka kwa fundi nilinunua cheni na sproketi kwa fedha yangu, nikaenda kwa dada yangu. Nilimwita kijana, na kwa kuwa nilimtuhumu mbele ya mama yake, nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Akasema, "Yamekwisha, mjomba." Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba grisi ilikuwa agizo langu. Akajibu kwamba alidhani nalikumbuka.

Cheni ile ya pili imeuvuka mwaka, na juma lililopita niliipima kwa tepu. Bado haijafika 259.