Kabla ya kuandikisha mtoto maternele

Sisi wa Kasapa tunaishi karibu na gereza. Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia, wafungwa zaidi ya 900 wakakimbia, Gédéon Kyungu akiwa mmoja wao. Ndiyo maana tukitafuta maternele, tunaangalia kwanza ukuta na mlinzi. Ni vizuri. Lakini mtoto wa miaka 3 haruki ukuta. Anatoka mlangoni, ameshikwa mkono. Basi twende saa ya kutoka, bila kutoa habari, tuangalie. Je, mwalimu anamjua kila anayekuja kuchukua mtoto? Siku masasi yakilia, nani anabaki na watoto, na sisi tutaitwa namna gani? Wakikosa jibu, tuendelee kutafuta.