Eti Mzio Hauui

Eti mafua ya mzio hayaui! Ndilo jibu tunalopewa tukiomba ruzuku ndogo ya kuyachunguza. Pumu je, haiui? Pua inayoziba na kifua kinachobana mara nyingi ni vya mgonjwa mmoja.

Wala hatuombi mabilioni. Kipimo cha ngozi kinataka tone la kimiminika kilichotokana na mende au utitiri wa vumbi, mchomo mdogo, dakika 15 na rula: uvimbe ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3, mwili umeitikia.

Ila nasi wanafunzi tumezidi kunakili. Ombi limeandikwa Kampala, orodha inaanza na chavua ya betula, mti wa Ulaya! Hapa umeuona wapi? Wahadhiri, hilo likataeni. Lenye mende wa jikoni kwetu lisomeni mpaka mwisho.