Akataaye Kumhasi Punda na Ajenge Zizi la Pili

Nilipokwenda nyumbani Mambrui likizo ya Desemba, niliitwa katika kikao ambacho sikustahili kuitwa. Familia nne za mtaa wetu zina zizi moja la punda, lililojengwa kwa shirika, na kijana mmoja hulipwa kuwalisha na kuwanywesha. Humo mna majike watano na dume mmoja mchanga wa miezi 14, mali ya mpwa wangu. Dume huyo ndiye aliyetukutanisha. "Wewe ni daktari," ami yangu aliniambia, "basi tukatie shauri." Nilimweleza, wala si kwa mara ya kwanza, kwamba udaktari wangu ni wa lugha, na kwamba punda wote niwajuao walinijua mimi kama mzigo tu. Alicheka, lakini hakuniruhusu kuondoka.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki mbili kabla ya kikao, mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akirudi kutoka kisimani na punda jike aliyebeba madumu manne ya maji, kila moja la lita 20. Dume mchanga alivunja ua wa miti, akamfuata jike njiani na kumpanda pamoja na mzigo wake. Madumu yalianguka, jike akajeruhiwa bega, na mtoto aliyejaribu kuwatenganisha akapigwa teke na kuvunjika mkono. Wenye majike walitaka hatua ichukuliwe. Mpwa wangu alisema hamguswi punda wake.

Lililonishangaza mimi, kwa kazi yangu, ni kwamba kikao kilichukua zaidi ya saa nzima bila mtu hata mmoja kulitamka neno lililotukutanisha. Mmoja alisema punda "atengenezwe." Wa pili alisema "apunguzwe makali." Wa tatu, mzee mwenye haya nyingi, alisema "afanyiwe lile jambo." Hakuna aliyesema ahasiwe.

Najua kwamba tasfida ni sehemu ya adabu yetu, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kwamba jamii isiyokuwa na tasfida ni jamii isiyoheshimiana. Walakini tasfida ina mahali pake. Neno "kutengeneza" halimlazimishi asemaye kueleza nani atakayeshika kisu, lini, kwa dawa gani, na kwa fedha za nani. Neno "kuhasi" humlazimisha. Ndiyo maana kikao kilizunguka kama punda wa kinu cha mafuta, kila mtu akidhani kwamba wenzake wanamaanisha alichokimaanisha yeye.

Si kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Kitenzi "hasi" na jina "maksai" vyote viwili vimetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuondoa korodani. Hata "fahali," neno tunalolitumia kwa ng'ombe dume, katika Kiarabu hutaja dume la mnyama, na farasi dume hasa. Ng'ombe tumempa fahali, mtamba, ndama na maksai. Mbuzi tumempa beberu na mbarika. Lakini punda, ambaye amebeba matumbawe ya nyumba zetu na maji ya watoto wetu, hana neno la pekee kwa dume lake, wala jike, wala aliyehasiwa. Liko neno "kiongwe," lakini hilo hutaja aina ya punda, si umri wala hali yake. Tumemwita punda, basi. Lugha hupanga maneno pale ambapo watu wamepanga fikira zao, na yaelekea sisi hatujapata kumfikiria punda kama mali inayostahili mipango.

Rai yangu ni kwamba punda dume anayewekwa zizi moja na majike ya watu wengine ahasiwe, ahasiwe mapema, na ahasiwe na mtaalamu. Iwapo mwenyewe hataki, haki yake ya kukataa ni kamili, bali inakwenda pamoja na wajibu wa kumjengea mnyama wake mahali pengine. Kusema "hapana" na kumwacha papo hapo si uamuzi. Ni kuwatwika wenziwe gharama ya uamuzi ambao yeye hakuufanya.

Naelewa woga uliomo mioyoni mwa watu, maana nami ninao. Nilipokuwa na miaka tisa nilishuhudia punda akihasiwa kwa njia ya zamani. Alilazwa mchangani, akafungwa miguu minne kwa kamba ya katani, na mtu aliyesifika kwa ujasiri akafanya kazi yake kwa kisu cha jikoni. Jeraha lilipakwa majivu. Punda hakutiwa dawa yoyote. Kesho yake alikuwa amevimba, siku ya tatu aliacha kula, na siku ya tano tulimzika nje ya mji. Sauti yake bado naisikia. Anayeniambia kwamba kuhasi ni ukatili, ikiwa hicho ndicho alichokiona, sina la kumjibu.

Lakini hicho sicho kinachopendekezwa. Umri ufaao kumhasi punda ni kati ya miezi sita na miezi 18, kabla tabia za udume hazijakita mizizi na kabla mishipa ya damu haijanenepa. Punda aliyehasiwa utu uzima aghalabu hubaki na vurugu zake kwa mazoea. Daktari wa mifugo kwanza huhakikisha kwamba korodani zote mbili zimeshuka. Kisha humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi, humtia ganzi, na huifunga mishipa barabara, kwa kuwa punda huvuja damu zaidi ya farasi. Humdunga pia kinga ya pepopunda. Hapa lugha yetu imekuwa na busara kutuzidi sisi wenyewe: maradhi yale tumeyapa jina la punda, na jamaa ya farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa nayo vibaya sana.

Wakati nao una hukumu yake. Kazi hii ifanywe kaskazi, Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu na nzi wakiwa wachache, si masika, zizi likiwa tope tupu. Baada ya hapo punda atembezwe kidogo kila siku ili asivimbe, asitwikwe mzigo mpaka apone, na atazamwe sana anavyokula. Punda anayesusa chakula hata kwa siku moja au mbili yumo hatarini, kwa sababu mafuta ya mwili humwagika katika damu na yanaweza kumuua. Asitengwe peke yake pia, maana punda hufungamana na mwenzake na huugua kwa upweke. Akae karibu na rafiki amwonaye, lakini mbali na majike wanaoweza kushika mimba, kwa kuwa dume huweza kuzalisha kwa wiki kadhaa hata baada ya kuhasiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka watoao huduma hizi wawe wamesajiliwa. Kisu cha jikoni hakimo.

Mpwa wangu alitoa hoja tatu, na zote zastahili jibu.

Ya kwanza ni nguvu. Alisema punda aliyehasiwa hulegea. Ukweli ni kwamba anayehasiwa mchanga hukua na kufanya kazi vizuri, naye hufuata njia bila kugeuka kila anapohisi harufu ya jike. Mwenye mkokoteni anajua ni yupi wa kumtegemea.

Ya pili ni uzazi, na hii ni nzito. Punda wa Kenya walihesabiwa takriban milioni 1.8 katika sensa ya 2009. Katika sensa ya 2019 walikuwa takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezewa dawa, na wizi wa punda ukaenea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitangua marufuku hiyo mwaka 2021, na mnamo Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Je, katika hali hii twahasi kwa nini?

Twahasi kwa sababu uhaba wa punda hautibiwi kwa mimba za ovyo. Dume mmoja aliyechaguliwa kwa umbo na upole huwatosha majike wengi. Huyu wa mpwa wangu amo zizini pamoja na mama yake mzazi na dada yake. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, na katika miezi ya mwisho hafai kutwikwa mzigo. Mimba isiyopangwa ni nyumba iliyokosa maji. Naongeza kwamba katika miaka ile ya machinjio, dume mkorofi ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuuzwa kwa mwenye lori, kwani hakuna aliyemlilia. Waliomnusuru na kisu cha daktari walimwachia kisu cha mchinjaji.

Hoja ya tatu ni ya dini, nayo naigusa kwa hadhari kwa kuwa mimi si sheikh. Mambrui ni mji wa Kiislamu wa kale, na mwambao wetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu, ameeleza kwamba mnyama asiyeliwa hafai kuhasiwa, na aliwaye huruhusiwa akiwa mdogo. Punda wa nyumbani haliwi. Kwa upande mwingine, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu kuhasi pakiwa na manufaa. Tofauti hii ni ya wenye elimu yake, na mpwa wangu alifanya vyema kusema kwamba ataiuliza. Sitamcheka, wala sipendi msomi yeyote amcheke, kwa kusita mbele ya jambo ambalo imamu wake amelikataza.

Lakini akiambiwa kwamba haifai, mzigo wake haujapungua, umeongezeka. Dini hiyo hiyo inamkataza kumtesa mnyama na kumdhuru jirani. Basi ajenge zizi la pili lenye ua madhubuti, amtafutie dume wake mwenzi wa kukaa naye, amfundishe hatamu angali mdogo, na asimtume mtoto kumchunga. Wahenga wamesema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tumejionea kwamba hata fahali mmoja hakai, iwapo zizi ni la watu wanne na ua ni wa miti mikavu.

Kinachoniudhi ni njia ya tatu, ambayo ndiyo wengi huishika bila kuitaja: asihasiwe, asijengewe, bali afungwe kamba mguuni chini ya mwembe na apigwe fimbo kila anapolia. Wenye kuifuata hujiita wenye huruma, kwa kuwa hawakumkata mnyama. Punda aliyetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 25. Hebu ihesabiwe hiyo kamba kwa miaka yote hiyo, na vidonda vyake, na upweke wake, kisha ilinganishwe na asubuhi moja ya dawa ya usingizi na wiki chache za kupona. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hapa anayelia ni punda, na mtoto wa jirani aliye na mkono uliofungwa bandeji ngumu.

Walimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili mwaweza kuuliza hili lina nini na somo letu. Tunawapa wanafunzi insha za faida na hasara za mambo ambayo hawataamua kamwe. Wapeni zizi hili. Waambieni waandike hoja za mpwa wangu kwa haki, kama ambavyo yeye mwenyewe angezisema, kisha wazijibu bila kujificha nyuma ya "kutengeneza" na "lile jambo." Na wanafunzi mnaotoka nyumba zenye punda, semeni vikaoni. Nyinyi ndio mnaowachunga, nanyi ndio mnaopigwa mateke.

Kabla hatujatawanyika, mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, na yeye mwenyewe hana kauli?" Nilimjibu kwamba hana, na kwamba ndiyo sababu inatupasa sisi tuwe nayo. Kikao kitarudi mwisho wa Januari. Yeye ataleta jibu la sheikh. Mimi nimepewa kazi ya kumwendea daktari wa mifugo Malindi na kuuliza gharama yake, na jirani mwenye majike wawili atamuuliza fundi gharama ya zizi la pili. Bei zote mbili zitasomwa mbele ya watu wote, na safari hii nimewaomba wazee wetu, kwa heshima zote, kwamba neno litakaloandikwa katika daftari liwe "kuhasi."