Haki ni ya Mtu, si ya Mnyama

Kila unapozuka mjadala wa wanyama wa faraja, yaani wale ambao mwenye msongo wa mawazo husafiri nao ili wamtulize moyo, wengi wetu hujibu kwa kicheko. Tunakumbushana kisa cha Januari 2018 katika uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, ambapo abiria alikataliwa kupanda ndege na tausi wake. Kisha tunahitimisha kuwa wenzetu wameshiba mno. Wapo pia wanaotaka tuuchukue utaratibu huo mzimamzima: mtu apate barua ya daktari, na mnyama wake afunguliwe mlango wa ndege, basi, treni na ofisi ya umma. Pande zote mbili zimepotoka kwa namna moja: zinamtazama mnyama na kumsahau mtu.

Tuwaanze wanaotaka kuiga. Wamarekani wenyewe wamekwisha kurudi nyuma. Kwa miaka mingi barua ilitosha, hadi barua zenyewe zikawa bidhaa ya kununuliwa kwenye intaneti. Kuanzia tarehe 11 Januari 2021, kanuni mpya ya Idara ya Uchukuzi ya nchi hiyo iliyaondolea mashirika ya ndege wajibu wa kumpokea mnyama wa faraja. Aliyebaki na ulinzi ni mbwa aliyefunzwa kazi mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, na ulemavu wa akili umo ndani yake. Hapa pana jambo la kuzingatia: ugonjwa wa akili haukukataliwa. Kilichodaiwa ni mafunzo.

Kipimo hicho si kigeni kwetu mkoani Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya wakubwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huyo hufunzwa kwa miezi mingi, kisha hupimwa, ndipo maisha ya binadamu yakabidhiwe pua yake. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Aliheshimiwa kwa kazi aliyoifanya, si kwa sababu mtu fulani alimpenda.

Mnyama anayeingia mahali pa umma hakutani na mwenyewe peke yake. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kuingiza wanyama wa kufugwa katika hifadhi za taifa ni marufuku. Katazo hilo lina sababu. Mwaka 1994 ugonjwa wa homa ya mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini. Kichaa cha mbwa nacho kingali kinaua watu nchini. Tena yupo abiria wa kiti cha pili: kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kuuita msimamo wake ushamba ni kiburi. Hata hivyo, fiqhi hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda. Tofauti kati ya mbwa mwenye kazi na mbwa wa kujipendezea wazee wetu waliijua zamani.

Sasa niwageukie wanaocheka. Hujafa hujaumbika. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu wa Kilosa majumbani mwao, wengi wakaishia kwenye mahema. Ndani ya wilaya hiyo kuna mkulima aliyezika nduguze na mfugaji aliyeondolewa na ng'ombe wake. Maumivu yao tumeyaita mgogoro wa ardhi, tukayaundia kamati, tukafunga majalada. Anayedhani kwamba moyo unaohitaji kutulizwa ni anasa ya Newark hajaitazama Kilosa.

Lakini watu hao hawahitaji cheti cha kupanda na kuku wao kwenye basi. Wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, na dawa zisizokatika. Treni ya kisasa inayosimama Kilosa imeifupisha safari ya kwenda Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Haimwondolei mgonjwa ulazima wa kuifuata tiba mkoa wa pili.

Kwa hiyo ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa mna kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inatambua haki ya kufikia majengo na huduma za umma. Basi ibandikwe kwa Kiswahili katika kila kituo, kuanzia treni ya Kilosa hadi mabasi yanayosimama Mikumi: mbwa aliyefunzwa kumwongoza asiyeona, mwenye chanjo, anaingia bila nauli na kulala miguuni pa mwenyewe, jirani asiyeridhia ahamishiwe kiti kingine, wala asiyeona asiteremshwe. Wanyama wengine wote wafuate taratibu za kawaida za wanyama.

Nanyi wanaharakati, nguvu mnazotaka kuzitumia kumtafutia paka kiti cha ndege zipelekeni kwenye bajeti ya halmashauri. Huko ndiko mgonjwa wa Kilosa anakonyimwa haki yake.