Jenereta Isilale na Petroli Tumboni

Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ianze kutupa umeme mwaka 2024, mpaka yote 9 ikafikisha megawati 2,115, jenereta nyingi za majumbani zimerudi stoo. Tunashukuru. Hebu tuulizane tu: ya kwako uliiwekaje? Kwenye tangi kulibaki nini?

Petroli haipendi kukaa. Miezi michache tu inatosha: sehemu yake nyepesi hupaa na hewa, na kinachobaki hunata kama utomvu wa fenesi. Ndani ya kabureta mna jeti, kijitundu chembamba kinachopitisha mafuta. Kikiziba, utavuta kamba mpaka bega liume, na usiku huohuo ndio umeme umekatika, una mgonjwa ndani.

Kazi ya kuzuia hayo haizidi mchana mmoja. Ifanyie uwanjani, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara. Mimina petroli ya tangi kwenye dumu la mafuta lenye kifuniko. Tafadhali, isiwekwe kwenye chupa ya maji; mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Kama ni mpya na haijachanganywa oili, kwa nini isitiwe kwenye pikipiki wiki hiihii? Mtaroni isimwagwe.

Wengi wetu huishia hapo, na hapo ndipo penye shida. Tangi likikauka, kabureta bado ina mafuta yake. Basi washa jenereta hapohapo nje, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, uiache ingurume mpaka izimike yenyewe. Ikishapoa, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, matone ya mwisho yatoke. Kaza tena, funga koki.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Hewa ya chumvi hutia kutu ndani ya tangi la chuma likiwa tupu. Mimina oili kidogo, uliinamishe huku na huku ienee. Siku ya kulirudisha kazini utalisuuza kwa petroli. Toa na plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili, vuta kamba taratibu mara chache, rudisha plagi.

Na kazini je? Jenereta ya shule, ya msikiti, ya kanisa, nani anaitazama? Cha wote mara nyingi hukosa mtu, si kwa ubaya, ila kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya. Ile ya zahanati yenye friji ya chanjo, kwa maoni yangu, isihifadhiwe kabisa. Iwashwe kila mwezi, ibebe mzigo kwa dakika 20 hivi, na petroli yake ibadilishwe kabla haijachakaa.

Kwa hizo nyingine, wanakamati wenzangu, mkutano ujao mchagueni mtu mmoja. Akimaliza kukausha kabureta, aandike tarehe kwenye karatasi, aibandike juu ya tangi pamoja na namba yake ya simu, ili atakayeihitaji usiku ajue ampigie nani.